Sahani Nane, Tatu Zimevunjika

Sisi tuliokulia mtaa wa Manyatta kabla simu hazijaingia kila mfuko, hesabu tulijifunzia jikoni. Hakukuwa na katuni ya kukupigia makofi ukipata jibu. Ukikosea ulionja mwiko mgongoni, na mwiko wenyewe bado ulikuwa na ugali.

Visoda, vile vifuniko vya chupa za soda, tuliviokota nje ya kioski, tukavitoboa kwa msumari na kuvitunga kumi kumi kwenye waya. Unga tuliupima kwa vikombe tukijaza gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi sokoni, tukabishana umemeza vikombe vingapi, maana binamu yangu Akinyi alikuwa akishindilia unga kwa ngumi ili ashinde. Mama yangu aliuza omena, vile visamaki vidogo vya ziwani. Alipozianika uani, sisi ndio tuliozigawa mafungu, mistari mitano ya mafungu manne, huku tukifukuza paka wa jirani. Hadi leo nikisikia harufu ya omena kwenye jua, tebo ya kuzidisha kwa nne inanijia kichwani yenyewe. Chapati ya Jumapili ndiyo ilikuwa mtihani mkubwa. Aliyeikata alichagua kipande chake mwisho, na kwa sheria hiyo ya Mama, vipande vilitoka sawasawa kabisa.

Kitu kimoja tu hatukuruhusiwa kuhesabu. Jioni moja, kichwa kimenivimba kwa ujuzi wangu mpya, nilinyoosha kidole na kuanza kuhesabu ndugu zangu waliokaa wakingoja chakula. Nyanya yetu, tuliyemwita Dani, aliudaka mkono wangu.

"Yawa, Atieno! Watoto hawahesabiwi. Unataka kuwapunguza? Kama unataka kujua mko wangapi, hesabu sahani."

Sikuuliza sababu. Wakati huo hakuna mtoto aliyemuuliza Dani sababu. Nilihesabu sahani, nikala.

Mwisho wa mwaka, mwalimu wetu wa darasa la kwanza alituita mbele mmoja mmoja. Aliyeshindwa kujibu angerudia darasa. Akinyi, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa ameshapita na alikuwa akinichekea kutoka nyuma.

"Atieno, watoto wanane wanacheza. Watatu wameitwa nyumbani. Wamebaki wangapi?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini kuhesabu watoto, tena na kuwatoa! Nilinyamaza. Akaniuliza swali la pili, la watoto tena. La tatu, watoto. Nikatazama viatu vyangu mpaka nikamsikia akiandika, na nilipoinua macho niliona neno "arudie" mbele ya jina langu. Nililia njia nzima. Sikuogopa kuchekwa kama nilivyoogopa Akinyi kwenda la pili bila mimi.

Nilipomweleza Mama alicheka, kisha akaacha kucheka. Asubuhi iliyofuata alimwachia jirani omena zake, akanishika mkono hadi ofisini kwa mwalimu, nguo yake bado inanuka samaki.

"Mwalimu, huyu mtoto hesabu anajua. Hebu jaribu kumuuliza na sahani."

"Sahani, Mama Atieno?"

"Sahani tu. Ama vijiko. Kwetu watoto hawahesabiwi."

Mwalimu alinigeukia. "Haya. Sahani nane, tatu zimevunjika..."

"Tano!"

Sikumngoja amalize. Aliniuliza ya vijiko, ya vikombe, ya sufuria, nami nikayajibu yote kwa sauti ya kuamsha shule. Alilikata neno lile kwa kalamu yake nyekundu. Nikaingia la pili na Akinyi, dawati moja.

Watoto wa siku hizi wana raha zao. Mwanangu ana miaka minane na simu ndiyo inayomfundisha. Akipata jibu anapigiwa tarumbeta. Kuzidisha ananishinda mbali, sikatai, lakini mpe chapati moja awakatie watu watano, atatafuta mahali pa kubonyeza. Nilimletea visoda nikidhani atafurahi. Aliniuliza vinachajiwa wapi.

Juzi alisimama mbele ya picha ya Dani, ambaye hakuwahi kumwona. "Mama, huyu alikuwa na watoto wangapi?"

Mtu mzima na vyeti vyangu, namba ilikataa kutoka. Badala yake nilimtajia majina. Nilianza na baba yangu na shangazi zangu, kisha nikafika kwa wale ambao Dani aliwazika wakiwa wadogo, wale ambao majina yao niliyasikia mara moja tu, siku ya matanga yake. Miaka yote ile nilidhani ni ushirikina wa wazee, kumbe Dani alikuwa mama anayeogopa tu. Nilimlilia Dani upya, mbele ya mtoto.

Mwanangu alikuwa akikunja kidole kwa kila jina. Mkono mmoja ulijaa, akahamia wa pili. Sikumkataza.