Tableti Haina Kifuniko

Jamani, nichekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka najifunika khanga usoni. Yalianzia dukani Kyela mjini, siku mimi na mume wangu tulipokwenda kununua kitu cha kuonyeshea wateja mitindo ya nguo (mimi ni fundi cherehani). Mume wangu akashika laptopu ndogo, mimi nikaganda kwenye tableti. Mwenye duka, mzee wa Kitanga mwenye maneno ya taratibu, akasema, "Mama, hii laptopu ukimaliza unafunika, imelala."

Nikambetulia mdomo. "Kwani nanunua sufuria mpaka niangalie kifuniko?"

Tukaondoka na tableti, nimeikumbatia njia nzima.

Sasa, nilikuwa nakitamani mno chumba cha mbele cha nyumba ya baba mkwe pale Ipinda, kinachotazama barabara, niweke cherehani yangu. Kumwomba mwenyewe siwezi: kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe, akitokea njia hii wewe unashika ile (wapo walioacha, familia yetu bado). Basi Jumapili mume wangu akampigia kwa video kupitia simu ya shemeji, mimi niko jikoni naosha mchele, masikio yote sebuleni. Walipomaliza, akaiegemeza tableti kwenye kopo la sukari, akatoka kwenda kufunga mbuzi.

"Amesemaje?" nikamuuliza kupitia dirishani.

"Kasema atafikiri."

Nikaingia sebuleni, kioo cheusi tii, nikajua imezimwa. (Kumbe shemeji ametia simu mfukoni mwa shati bila kukata!) Sijui nilipatwa na nini, nikaufanya mwiko niliotoka nao jikoni fimbo, nikapinda mgongo, nikakohoa kile kikohozi cha baba mkwe, nikaizunguka meza kwa sauti nzito, "Nita-fi-kiri! Mpaka kakao ziive nitakuwa nafikiri!"

Sauti ikatokea kule mfukoni, shemeji akatoa simu kuangalia, ikamwelekea baba yake aliyeketi mbele yake. Mimi kugeuka hivi, baba mkwe huyo, amejaa kioo kizima! Maskini mzee akajifunika kofia usoni, nami nikapiga yowe, nikabonyeza huku na huku, lakini vidole vimelowa maji ya mchele na kioo hakisikii kidole kilicholowa, nikaifunika na khanga, bado inaongea, nikaizika kwenye debe la mchele, na mzee akakohoa humohumo ndani ya mchele. Mume wangu aliporudi alinikuta nimekalia debe.

"Wifi zako wakisikia, umekwisha," akasema, akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Chumba nilikiona kinakwenda.

Kesho yake mama mkwe akapiga simu, akanisalimia Kinyakyusa. "Mwanangu, ugonile? Baba yenu anasema chumba chukueni."

"Ndaga fijo, asante sana, mama!" Machozi yakanitoka.

"Ngoja, hajamaliza. Anasema fimbo yeye huishika mkono wa kushoto."

Chumba ninacho, wateja wapo, na tableti nimeishonea mfuko mzito wa vifungo, mazungumzo yakiisha inaingia humo nafunga hadi cha mwisho. Nimeapa sitamwigiza tena mtu mbele ya kitu kisicho na kifuniko. (Na nikijisahau, angalau mwiko nitaushika kushoto.)