Mmenisikia?

Gitaa la besi la marehemu baba lilikaa ukutani kwangu miaka mingi, nyumba ya buibui. Baba alilipigia kwenye bendi ya shamba la mkonge, enzi ambazo ikifika Jumamosi wafanyakazi walipiga pasi mashati yao wakaenda kucheza. Alinifundisha nikiwa bado shule ya msingi, mimi besi, yeye solo kwenye gitaa la kuazima, mama akiguna jikoni kwamba mtoto wa kike na gitaa wapi na wapi. Alipofariki, ndugu waligombea baiskeli na redio. Gitaa hakuna aliyelitaka, nikalibeba mimi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kilosa. Nashona sare za shule, na mtu akinichokoza nina mdomo, wateja wangu wanajua. Siku nilipoamua kulifufua lile gitaa nilikuta vifungio vya nyuzi vimeshika kutu, havizunguki. Mteja wangu mmoja akaniunganisha na kundi la kwenye simu, la watu wanaotengeneza magitaa mabovu. Jamani! Sikujua nchi hii ina vichaa wengi namna ile. Mtu wa Mbeya anauliza gundi, mtu wa Mwanza anamjibu, mwingine anaonyesha alivyofunga waya wa breki ya baiskeli badala ya uzi. Nami nikachangia la kwangu: mafuta ya cherehani, tone moja moja, uyaache yalale humo. Walinishukuru mpaka nikaona aibu.

Humo ndani alikuwepo dada mmoja wa Mikumi, anayewapikia wali madereva wa malori pale barabara kuu. Akiimba, unasahau ulichokuwa unagombea. Yeye ndiye aliyeuliza, "Hivi tunayatengeneza haya magitaa ili tuyatazame? Nani yuko karibu tuunde bendi?" Nikajibu mimi. Akajibu mzee mmoja mkulima wa Kisanga, mpiga tumba, ambaye gitaa lenyewe alikuwa anamtengenezea mjukuu. Wa nne hakuandika neno. Picha yake ilikuwa ng'ombe mwekundu, na tulichokijua kwake ni kwamba alichonga daraja la gitaa lake, kile kipande kinachobeba nyuzi, kwa pembe. Alituma sauti.

Naikumbuka ile sauti kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo. Kwanza mtu alikohoa. Akagonga ubao wa gitaa kwa vidole: ko ko, akatulia kidogo, ko. Akasema, "Haya." Likaingia solo la kizamani, lile la kutembea bila haraka, kila noti imekaa pake. Lilipokwisha akanyamaza, kengele zikasikika kwa mbali, ndipo akauliza, "Mmenisikia?"

Niliweka mkasi chini. Nilikuwa nalia, sijui hata kwa nini. Nadhani nilimsikia baba. Nikashika simu nikajibu mbele ya kundi zima, "Tumekusikia! Shikamoo mzee wangu." Kwa upigaji ule sikuwa na shaka kwamba ni mtu wa makamo ya baba.

Kisha ikarudi sauti ya kijana, laini, imejaa aibu. "Mama, tafadhali, usiniamkie. Mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

Weee, nilichekwa! Mzee wa Kisanga alisema umri wote huo hajapata kuona mtu anamwamkia mtoto wake. Nilinuna, halafu nikaitikia marahaba, ningefanyaje?

Bendi ikaanza hivyo, kila mtu kwake. Kijana alikuwa na simu moja tu, hana hedifoni, kwa hiyo hakuweza kutusikiliza na kujirekodi kwa pamoja. Ikabidi yeye atangulie kila wimbo. Anapiga solo huko aliko, anapanda kichuguu kutafuta mtandao, anatuma. Sisi tunaiweka masikioni, tunapiga juu yake: mzee tumba, mimi besi, nimeichomeka kwenye sabufa ya sebuleni. Dada wa Mikumi anaimba, kisha anaunganisha vyote kwenye simu yake. Akiunganisha alikuwa anakata kikohozi, anakata ule ugongaji wa ko ko, ko, anakata na lile swali la mwisho, ili wimbo uwe msafi. Mimi vile vilivyokatwa ndivyo nilivyovipenda. Sauti zake zote nilizihifadhi nzima nzima mpaka simu ikawa inagoma kupiga picha.

"Huyo mpiga solo wako amejaa humu ndani mpaka mimi sina pa kukaa," mume wangu alisema.

"Sogea," nikamwambia.

Na kila alipouliza "Mmenisikia?" tulimjibu mmoja mmoja: tumekusikia. Hatukuwahi kupitisha bila kumjibu. Ilikuwa kama kuitikia hodi.

Asubuhi moja, nikiwa kwenye cherehani, treni ya mizigo ilipiga honi, ndefu kisha fupi mbili, honi ya dereva mmoja aliyependa kujitangaza akikaribia Kilosa. Mchana ikaingia sauti mpya ya kijana. Katikati ya solo, honi ileile. Ndefu, fupi mbili. Moyo ulinilipuka, pa! Nikamwandikia pembeni, "We mtoto, uko wapi?"

"Chanzuru, mama. Nachunga ng'ombe wa baba."

Chanzuru! Hapo tu! Bodaboda hata hujakaa vizuri umeshafika. Muda wote ule nilikuwa namsikiliza kama mtu wa ng'ambo, kumbe treni ikimpita yeye inakuja kwangu. Akaongeza kwamba hakupenda kusema, maana watu wa kijijini wakisikia mfugaji wanakuwa na mengi. Nikamwambia mimi nimesikia mpiga solo.

Nilitaka kwenda kesho yake. Dada wa Mikumi akakataa katakata. Alishaimba kwenye bendi mbili, zote zikafa kwa umbea, wawili wakikutana kuwasema wengine. "Msionane wawili wawili," alisema. "Tutaonana wote siku moja, hapa kwangu, tupige. Mkijuana sura kabla, bendi hii nayo itakwenda." Mzee akaafiki, kijana akaafiki. Na mimi nikaafiki kwa shingo upande. Tukapanga iwe baada ya mavuno, mzee akiwa huru na shamba.

Tangu hapo nilikuwa na jambo moja tu moyoni: kukaa na yule mtoto mahali pamoja, nimwone akigonga ule ubao, nami niingie nyuma yake. Mara moja tu, basi. Tangu baba afariki sikuwahi kupiga besi mbele ya mtu anayepiga solo, na ukipiga besi peke yako unakuwa kama mtu anayejibu maswali ambayo hakuulizwa. Nilijishonea na gauni la siku hiyo. Mume wangu aliliona, akauliza kama ana sababu ya kuwa na wasiwasi. Nikamjibu awe nao, utamsaidia kupungua tumbo.

Kabla ya mavuno nilikwenda Chanzuru kupeleka sare za shule. Nikitoka, nikasikia kengele. Ng'ombe walikuwa wanakata njia nyuma ya mashamba ya mahindi, vumbi limewafunika, na nyuma yao mtu mrefu mwenye shuka na fimbo, kitu kimening'inia mgongoni. Huenda gitaa. Huenda kibuyu cha maziwa, au hata si yeye. Nilisimama kwenye jua na mfuko wangu mtupu, jina lake silijui, sauti yake naijua mpaka pumzi. Nilikuwa nimeahidi. Wakapita, nikapanda bodaboda nikarudi.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Mahindi yalinyauka yakiwa na ndevu, majani ya malisho ndiyo usiseme. Siku chache kabla ya safari ya Mikumi ikaingia sauti yake asubuhi. Haikuwa na gitaa.

"Shikamoo mama. Kesho tunahama na ng'ombe, baba anasema hatuwezi kungoja, wanakufa. Huko tunakokwenda wanasema mtandao hakuna. Mikumi sitafika. Nimewatumia wimbo wa mwisho, pigeni huo. Mniwie radhi."

Kesho, alisema. Nikajiambia, ahadi ya dada ife na mimi nife nayo, nakwenda leo hii. Niliacha mteja na suruali ya mtoto mkononi. Bodaboda alinifikisha, tukauliza, tukaonyeshwa boma. Miiba ya ua ilikuwa imefunguliwa upande mmoja, samadi imeshakauka juu, hakuna hata mbwa. Mama mmoja aliyekuwa anachota maji karibu aliniambia wameondoka jana alfajiri. Kumbe ile sauti ilikwama njiani. Alirekodi juzi, ikalala kwenye simu yake mpaka walipopita mahali penye mtandao, na ile kesho yake kwangu ilikuwa imeshapita. Nilikaa chini pale pale na nikalia kwa sauti. Yule mama akaniuliza kama ni mwanangu.

Mikumi nilikwenda. Sikutaka, mume wangu ndiye aliyelibeba gitaa akaniingiza nalo garini, tukapita vijiji vya Masanze na Ulaya mimi nimenuna njia nzima. Dada alikuwa mnene na mcheshi kama sauti yake. Mzee wa Kisanga nilimwamkia, akaitikia, akacheka akasema leo nimepatia. Tulikaa uani nyuma ya jiko, nyani wako juu ya bati wanavizia maganda ya ndizi, malori yananguruma barabarani. Madereva kadhaa waliomaliza kula wakavuta viti. Tukashika vyombo.

Hakuna aliyeanza.

Tulitazamana. Mzee akaweka viganja juu ya tumba, akangoja. Mimi vidole kwenye nyuzi, nangoja. Dada amefungua mdomo, anangoja. Mzee akajaribu kuhesabu, moja, mbili, tatu. Niliingia mbele, dada akaingia nyuma, tumba likabaki peke yake. Tukarudia, ikawa vilevile, dereva mmoja akaguna. Ndipo tulipoelewa. Tulikuwa na nyimbo kibao na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuanzisha wimbo. Siku zote tulianzishwa na yeye. Wenye bendi zao hutazamana machoni. Sisi tulizoea kufumba macho na kungoja ko ko, ko.

"Hatuna bendi," dada akasema, akaketi juu ya ndoo. "Tuna watu watatu na vitu."

Mzee akainamisha kichwa. Roho iliniuma, na mimi nikiumwa roho nagomba. Nikamwambia dada, wewe ndiye uliyemkata! Kikohozi ulikata, ko ko, ko ulikata, na kuonana ukatukatalia! Machozi yalimshuka tu, nikaona haya. Mume wangu, aliyekuwa kimya kwenye kona na soda yake, akasema taratibu, "Mama watoto, si umezihifadhi zote?"

Nikachomeka simu kwenye spika ya dada. Nikautafuta ule wa mwisho, mzima.

Akakohoa. Ko ko. Ko. "Haya."

Tukaingia wote, kitu kimoja. Sijui niseme nini. Tumba lilikaa chini yake, besi yangu ikatembea naye bega kwa bega, na dada alipoanza kuimba madereva walisimama. Nilifumbua macho. Kwa mara ya kwanza nilipiga nikiwatazama wenzangu, na pale katikati, mahali pa mtu wa nne, palikuwa na kiti cha plastiki chenye spika juu yake. Nilikitazama hicho kiti mpaka mwisho. Nilimtamani yule mtoto akae pale, na vumbi lake, na shuka yake, ili nimwambie kwa mdomo wangu kwamba anapiga kama baba.

Wimbo ukaisha. Watu wakataka kupiga makofi, mzee akawanyooshea mkono wangoje. Kwenye spika zikasikika kengele, ng'ombe mmoja akalia. Kisha yeye.

"Mmenisikia?"

"Tumekusikia!" Mzee, dada, mimi, mume wangu, madereva ambao hata hawakujua wanamjibu nani. Nyani walitimka juu ya bati. Nilikuwa nimeshabonyeza kurekodi, nikamtumia yeye pale pale, yote, na kelele zake.

Sasa mvua zimesharudi, na majani Chanzuru yamefika magotini. Bendi ipo, dada hakati tena kitu, na wa kugonga ubao ni mimi, ingawa mkono wangu ni mzito. Treni ikipiga honi naacha kukanyaga cherehani mpaka ipite. Ile sauti ya Mikumi bado ina tiki moja, haijamfikia. Jioni, mume wangu akirudi, kabla hajavua viatu, ananiuliza habari za mpiga solo wangu, siku hizi bila utani.

"Amesikia?"

Nachukua simu naangalia.

"Bado."