Kitambaa Chekundu Kwenye Usukani

Fundi hakuwa mtu wa kutetemeka ovyo. Gereji yake aliianza na jeki ya kuazima, na hakuna mteja aliyewahi kumbana bei akaondoka anacheka. Ila Jumamosi hiyo, mbele ya wanaume arobaini wa kanisa, jasho lilimtiririka. Mchungaji alikuwa amemtoa chini ya basi la kanisa ghafla: mnenaji hakufika, njoo wewe, somo ni mwanamume na wajibu wake. Fundi akafuta mikono, akavaa koti, akaja.

"Ndugu zangu, siku hizi watu wanauliza mwanamume ana kazi gani. Mimi nasema Mungu alituweka mbele. Hatari ikija, ikukute wewe kwanza."

"Amina!"

"Hata gereji, nikishakaza nati, hakuna wa kupita nyuma yangu. Mwanamume hakaguliwi!"

Wakapiga makofi. Fundi akatoa kitambaa mfukoni ajifute uso. Kilikuwa chekundu.

Mkono ukamgandia hewani. Kwake, gurudumu likitolewa, kitambaa hicho hufungwa kwenye usukani, na hakifunguliwi mpaka nati zote zikazwe. Dereva akikiona, hagusi ufunguo. Asubuhi Fundi alikuwa amerudisha gurudumu la mbele, akapachika nati kwa vidole, akashusha jeki ili akaze. Hapo ndipo mchungaji alipoita. Koti lilikuwa kwenye kiti cha dereva. Alipolichukua, kwa haraka akakifungua na kitambaa, akafutia grisi.

Nje injini ikanguruma. Kwaya ya kina mama ilikuwa inaondoka na basi hilo, mkewe akiwamo, na baada ya geti ni mteremko mtupu.

Akili ya biashara ikamchorea njia ya mkato: mpigie dereva kimyakimya, asimame kidogo, mengine tutayamaliza wenyewe. Akageukia ukutani, akapiga. Simu ikaita, ikaita. Dereva, kaka wa mkewe, hapokei simu akiwa anaendesha. Sheria hiyo aliitunga Fundi mwenyewe.

"Sijakaza nati!" akapiga kelele, akatoka mbio.

Basi lilikuwa limefika getini. Alijitupa mbele yake, mikono ameipanua. Breki zikalia.

"Shemeji, umechoka kuishi?"

"Zima! Gurudumu la mbele halijakazwa."

Wanaume walikuwa wamemfuata. Mmoja akasema, "Si umetuambia hukaguliwi?" Hakuna aliyecheka. Fundi akapiga magoti kwenye vumbi na koti lake la kanisani. Nati ya tatu ilizunguka kwa vidole viwili, na kila mtu aliona.

Mkewe alishuka, akasimama kando. Fundi alipomaliza kukaza, akamwachia spana kwenye nati.

"Kagua."

"Mimi najua nini kuhusu nati?"

"Kanyaga mpini kwa uzito wako wote. Ikisogea, hamwendi."

"Na unajua mimi si mwepesi."

"Ndiyo maana nimekuita wewe."

Akashika kioo cha basi, akakanyaga. Ya kwanza, kimya. Ya pili, ya tatu, kimya. Wanaume wakasogea karibu. Ya saba ikalia, ikasogea robo mzunguko.

"Hii, Baba," akasema.

Fundi akapokea spana mbele ya wote, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akamrudishia.

"Anza tena ya kwanza."