Mlango wa Mutalemwa

Nakumbuka asubuhi moja ya manyunyu, mwanangu, nikiwa nimevaa suti na tai, nikiusukuma kwa bega mlango wa mbele wa nyumba ya bibi yako, na mlango umekataa katakata. Ndani viti vilikuwa vimeshapangwa. Barabarani magari ya ukoo wa baba yako yalikuwa yanapiga honi. Walikuwa wametoka Rubafu kuja kwetu Muleba kumposa mama yako.

Habari hii sijawahi kukusimulia, na huenda ningekufa nayo. Lakini juzi ulikuja kwangu Bilele, mjini Bukoba, ukanionyesha kwenye simu picha za kazi za fundi unayetaka aikarabati nyumba ya mama yako, halafu ukacheka ukasema, "Mjomba, mradi asije akatuwekea mlango wa Mutalemwa." Najua ni msemo wenu huko Rubafu. Droo ikikwama, dirisha likigoma kufunguka, mnasema hivyo. Nilitaka kucheka nawe nikashindwa, nikasingizia kwamba chai imeniunguza. Kaa kitako basi, nikuambie mlango ule ulikuwa wa nani.

Ta Mutalemwa alikuwa seremala wa kijiji chetu, jirani wa marehemu babu yako. "Ta" ndivyo tunavyomwita mzee tunayemheshimu, na hilo jina lake kwa Kihaya ni la mtu asiyeshindwa. Mbao zake alizipanga chini ya upenu wa nyumba yake, na kati ya ubao na ubao aliweka vijiti ili upepo upite. Hakuzigusa mpaka zikauke kwa kiasi alichokitaka yeye. Watu walimcheka kwamba anafuga mbao kama mbuzi. Yeye aliendelea kuzigeuza.

Mwaka ule mchwa walikuwa wameula mlango wa mbele wa bibi yako, na posa ya mama yako ilipangwa mwezi wa kumi na moja. Babu yako alikuwa ameshafariki. Mimi ndiye kifungua mimba, nina kazi ya ofisini Bukoba mjini, nina simu ya mkononi, nikasema ukarabati niachieni. Bibi yako akamwita Ta Mutalemwa. Akaja, akapima fremu mara mbili, akakaa. Bibi yako akaleta kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo. Mzee akachukua punje mbili, nami nikachukua mbili, tukatafuna.

Kwetu, mwanangu, kahawa hiyo haichukuliwi hivihivi. Mkiitafuna pamoja juu ya neno, neno hilo limefungwa.

"Mvule ninao," akasema. "Ila bado una maji ndani. Nisubirini mpaka mwezi wa kumi."

Angewahi kabisa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikuwa na sababu yoyote ya haraka, isipokuwa nilikutana na Fundi Deo.

Deo alikuwa fundi wa mjini, shati limepigwa pasi, penseli sikioni, kwapani daftari la picha za milango iliyochongwa maua. Kila nililomuuliza alijibu, "Hakuna shida, bosi." Maua ya kuchonga? Hakuna shida, bosi. Wiki mbili? Hakuna shida, bosi. Kabla ya hapo hakuna mtu aliyewahi kuniita bosi. Watu husema Wahaya tuna majivuno, na wengine husema tunasingiziwa. Mimi siku ile nilithibitisha kwamba hatusingiziwi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kijana aliyeitwa bosi hasikii methali.

Ta Mutalemwa sikumwambia kitu. Nilijiambia kwamba ataona mwenyewe. Na kweli aliona. Alikuwa anapita na jembe lake begani siku gari lilipoziteremsha mbao za mkaratusi, mbichi, bado zinanuka msitu. Akasimama, akaugusa ubao mmoja kwa kidole gumba, akakinusa kidole.

"Mmepata mbao," akasema.

"Tumepata, Ta," nikajibu, nikajifanya nasoma kitu kwenye simu.

Akaenda zake shambani. Bibi yako alininunia siku mbili, kisha akaniuliza, "Umemtafunisha mtu kahawa, halafu?" Nikamwambia hayo mambo ni ya zamani.

Sitausema vibaya mlango wa Deo. Ulikuwa mzuri! Vanishi iling'aa hata ukaweza kujitazama, na majirani walikuja kuushangaa. Jua la mwezi wa tisa likaupinda, mvua za mwezi wa kumi zikauvimbisha. Bibi yako akaanza kuufungua kwa goti. Nikampigia Deo, akasema, "Nakuja kesho, bosi." Kesho yake hakuja, na baada ya hapo simu yake haikupatikana tena. Mkesha wa posa mvua ikanyesha mpaka alfajiri.

Ndivyo nilivyofika pale mlangoni na suti yangu. Nilivuta, nikasukuma, kitasa kikanibakia mkononi. Wageni wakawa wamesimama mbele ya nyumba kwenye manyunyu, wazee wa watu, na miavuli haitoshi. Ikabidi wapitishwe nyuma, penye jiko.

Wewe umekulia Uhayani humu humu, kwa hiyo unajua. Mkwe hakanyagi jikoni kwa mama mkwe, na kukutana naye uso kwa uso ni aibu kubwa. Bibi yako alikuwa amechutama anaepua ndizi, na kanga yake ya masizi, hana habari. Akainua kichwa, akamwona baba yako amesimama mbele yake. Hakuwa na cha kujifunika. Akalichomoa jani la mgomba lililofunika chungu, akajiziba nalo uso. Jani la moto, mwanangu. Kwa wiki nzima shavu lake lilikuwa jekundu, na kila nilipoliona nilitazama pembeni.

Wageni walipoketi, msemaji wao, mzee mmoja mwenye fimbo, hakuanza na salamu.

"Waitu," akasema, yaani waheshimiwa, "sisi tumekuja kuposa au tumekuja kuiba ndizi? Maana anayepita nyuma ni mwizi. Tunaomba tumjue aliyeweka mlango ule."

Upande wao wakacheka. Upande wetu wakatazama sakafu. Na msemaji wetu siku hiyo, kwa kuwa babu yako hayupo, alikuwa nani kama si jirani yake? Ta Mutalemwa alikuwa amekaa mbele, kanzu nyeupe, koti jeusi. Alijua kila kitu. Nilifumba macho nikangoja alitaje jina langu.

Akasimama taratibu. "Waitu, fundi wa nyumba hii ni mimi. Kosa ni langu. Tutozeni faini."

Tukatozwa mtungi wa lubisi, pombe yetu ya ndizi, watu wakacheka, mazungumzo yakaendelea. Mama yako akaposwa, ndiyo maana wewe upo. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pale na kitasa mfukoni mwa suti. Ulimi ninao, miguu ninayo. Nilijiambia kijana haingilii maneno ya wazee. Uongo mtupu. Niliogopa kuchekwa. Nikamwacha mzee wa umri ule achekwe badala yangu, na nikanywa soda.

Wala haikuishia hapo. Wageni walipokuwa wanaondoka nilimsikia mmoja wao akimwambia mwenzake, "Nilitaka huyu mzee ndiye atutengenezee madirisha ya kanisa. Basi tumwache." Nilisikia vizuri. Nikanyamaza tena.

Jioni nilimfuata. Nikamuuliza, "Ta, kwa nini?"

"Nilitafuna kahawa ya mlango huu," akasema. "Hakuna aliyekuja kuniambia nimeachishwa. Kwa hiyo ukifunguka ni wangu, ukikwama ni wangu." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Ungeniambia tu. Ningekuelewa."

Baada ya siku tatu aliuleta mlango wa mvule. Alikuwa ameumaliza mwezi wa kumi, kama alivyosema, ukakaa kwake umeegemea ukuta. Akaung'oa ule wa maua, akaweka wake. Ndio huo unaoufungua kila Krismasi ukienda Muleba. Ulishawahi kukwama?

Nikaapa nitakwenda Rubafu kusema kweli. Nikasema nitasema kwenye harusi. Nikasema nitasema kwenye ubatizo wako. Kila safari nilikuta watu wamefurahi, nikaona si vizuri kuwaharibia. Ta Mutalemwa akafa. Yule mzee mwenye fimbo akafa pia. Kumbe wakati mimi nangoja, ninyi huko mmeshatengeneza msemo. Lisemwalo lipo, walisema wahenga. Hili halikuwapo, mwanangu. Nililiacha mimi likue.

Sasa nikujibu habari ya fundi wako. Picha usiniletee, picha hainyeshewi. Muulize ni nyumba gani aliifanyia kazi miaka mitano iliyopita, uende huko siku ya mvua, uusukume mlango kwa kidole kimoja, umuulize mama anayeishi humo, siyo kijana aliyelipa. Fundi anayekubali kila kitu hajakusikiliza, na anayekuambia subiri huenda ndiye anayejua kazi. Muulize mbao zake zimekauka wapi na kwa muda gani, na akikasirika mwache aende. Na ukishaafikiana na mtu, kisha moyo ukageuka, nenda kwake kwa miguu yako ukamwambie. Atakununia, na kununiwa hakuui. Lakini usimwache mtu amebeba neno ulilolitupa. Na siku ukisikia mwingine akitaja kosa lako kuwa lake, simama hapo hapo, hata kama mdomo umejaa chakula. Ukingoja kesho, aibu nayo huzaa.

Jumapili ijayo nitakuja Rubafu. Mwambie mama yako awaite wazee wa ukoo wa baba yako, na watoto nao wawepo, maana wao ndio wasemaji wakubwa wa msemo huo. Kitasa bado ninacho, nitakuja nacho. Na tangu siku hiyo droo ikikwama kwenu, semeni mlango wa Kamugisha, ndilo jina langu, nalo linanistahili.

Mungu akupe fundi mkweli na subira ya kumngoja. Nyumba ya mama yako isipitishe mgeni nyuma. Mlango wako ufunguke kwa kidole, na ulimi wako ufunguke mapema kuliko wangu.