Walioandikwa Wamehama kwa Hiari

Baba alikuwa mfyatuaji wa matofali, nasi tulihama kila udongo mzuri ulipoisha. Tulianza Kilungu, tukaenda Tulia, kisha Emali, ambako tulijenga nyumba ya mabati kando ya reli. Baba alifia hapo. Mama akabaki, akawa anauzia madereva wa malori githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na kwa mara ya kwanza maishani nikamaliza mwaka mzima wa shule bila kuhama.

Siku moja tulikuta alama nyekundu ya X kwenye mlango. Watu wa reli walitupa siku saba tuhame. Jirani yetu, mshonaji viatu, alisema yeye hatoki. Mama hakubishana naye. Siku ya sita alichukua nyundo.

"Mwaitu, si tungoje?" nilimuuliza mama.

"Tingatinga likipita, mabati yatakuwa takataka. Shika hapa."

Tuling'oa misumari mmoja mmoja tukiinyoosha juu ya jiwe. Kesho yake tingatinga lilibomoa nyumba ya jirani, kitanda kikiwa ndani. Alikaa chini akalia mbele ya wateja wake.

Baadaye ikatangazwa kwamba waliobomolewa watapewa ploti. Tulienda ofisini na mama, amevaa nguo yake ya kanisani. Karani alipitisha kidole kwenye orodha mara mbili.

"Mama, wewe hukubomolewa."

"Nilikuwa na alama mlangoni. Kila mtu aliiona."

"Lakini nyumba uliibomoa mwenyewe. Hapa imeandikwa ulihama kwa hiari." Akanitazama mimi, labda akidhani nitaelewa haraka zaidi. "Na nyinyi si mmezoea kuhama?"

Mama alinishika mkono, tukatoka. Maneno ya karani bado yananichoma.

Jirani alipata ploti. Alitutolea ushahidi kwa maandishi, nami nikapeleka barua tatu ofisini, hazikujibiwa. Mama alihamia Tulia kwa dada yake mdogo, akalala jikoni miaka miwili, akiomba ruhusa hata ya kuanika nguo. Kifua kikamlemea.

Alipofariki, mume wa mama mdogo alisema kwa upole kwamba shamba ni la ukoo wao, hawezi kuzika mtu wa nje. Mchungaji alitafuta nafasi kwenye makaburi ya umma. Tulikuwa watu tisa. Fomu ilitaka makao ya marehemu. Niliandika Emali, kando ya reli, na mhudumu akaipokea bila kuisoma.