Adabu ya Mama na Swali la Simu

Mama yangu hakuwahi kuwa mgonjwa mdomoni. Ukimuuliza hali, atakujibu "njema, alhamdulillahi," hata kama presha inampasua kichwa. Ndivyo alivyolelewa Likoni: mtu haitikii salamu kwa kilio. Unasema njema kwanza, kisha ukiulizwa tena ndipo unasema "ila..."

Nesi wetu wa zamani pale zahanati aliijua "ila" hiyo. Aliuliza habari za nyumbani, za wajukuu, za mbaazi zilivyopanda bei, na huku mkono wa mama umeshafungwa kipimo. Foleni inanung'unika, yeye hana habari. Nayatamani mazungumzo yale hadi leo.

Alipostaafu, zahanati ikaleta huduma ya simu kwa wagonjwa wa presha. Kila asubuhi ujumbe uliingia katika kabambe ya mama, simu yake ndogo ya vibonyezo: U hali gani? Bonyeza moja kama njema, mbili kama si njema. Mama akabonyeza moja. Angebonyeza nini, naye ameamkiwa? Alibonyeza moja hata asubuhi ile aliyoanguka bafuni. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wallahi nusura kimuumbue.

Nilipandwa na hasira, nikaenda zahanati kugomba. Wakamtuma nyumbani kwetu binti aliyeusanifu ujumbe ule, mtu wa bara, mpole. Nilikuwa nimemwandalia maneno yake. Lakini alivua viatu, akaketi mkekani na mama, akamsikiliza mpaka "ila" ya tatu.

"Mimi niliuliza swali," aliniambia akiondoka, "yeye akaitikia salamu."

Ujumbe ukabadilika. Haukuuliza hali tena. Uliuliza: Kichwa kinauma? Macho yanaona ukungu? Umelala vyema? Mama akawa anaujibu kwa sauti kabla ya kubonyeza, nasi tukimcheka.

Siku moja nikachungulia. Kwenye swali la kulala alibonyeza hapana.

"Mama, hulali? Tangu lini?"

"Tangu babako atutoke."

Baba alikuwa amefariki miaka mingi. Na kila asubuhi nilimuuliza ameamkaje, naye akaniambia salama.

"Mbona hukunambia?"

"Wewe waniuliza hali, mwanangu. Hiyo yaniuliza usingizi."

Nikaiweka kando chai yangu. Nilimshika mkono nikaanza kumuuliza: usiku anawaza nini, baba humjia ndotoni, mwenyewe anaogopa? Akanieleza mpaka adhana ya adhuhuri. Mama naye ametangulia sasa, Mungu amrehemu, na katika asubuhi zote nilizokaa naye, hiyo ndiyo ninayoililia.