Udongo Nilioupika

Nakumbuka Alhamisi moja nilipika udongo. Usicheke, mwanangu. Niliupika uani kwetu Magomeni, kwenye sufuria ya pilau, shangazi yangu Bi Mwanaidi alipokwenda Kariakoo kutafuta vitambaa vya harusi. Dada yangu Zuhura alikuwa anaolewa baada ya wiki mbili, na kwetu biharusi alivaa kikuba cha asumini ya nyumbani, iliyochumwa kwenye mti aliouacha marehemu bibi ndani ya pipa. Pipa lilikuwa limeliwa na kutu, nami nikakabidhiwa kuuhamishia mti kwenye jipya.

Siku hizo nilikuwa msichana wa shule mwenye kichwa kikubwa. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba kuna bakteria wanaoleta maradhi, nami nikaona bakteria wote ni wa maradhi. Nikauchemsha udongo wafe. Nikaisugua mizizi kwa sabuni ya unga mpaka ikang'aa, nikapanda.

Kesho yake majani yakalegea. Nikajiambia wadudu bado wamo, nikamwagia maji ya sabuni. Siku ya tatu yakaanza kupukutika, nikaongeza sabuni. Shangazi akiuliza, nasema ni joto. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku ya sita aliushika mti, ukang'oka wote mkononi mwake.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Mizizi hii umeisugua kama masufuria?"

Nikakubali, machozi yananitoka.

"Haya, ulipoona majani yamelegea, mbona hukuacha? Kila siku hali inazidi kuharibika, na wewe unazidi kwenda huko huko! Ungeniambia Ijumaa ile, mti wa mama yangu tungeuokoa."

Zuhura akavaa asumini za kununua. Alichomoa ua moja, akanichomeka nyweleni mbele ya watu wote, nami nikalia kuliko biharusi mwenyewe. Nilimpenda siku ile, na bado nampenda, ingawa ni mchoyo wa kachori.

Miaka ikapita, nikapata kazi ya maabara ya udongo. Hapo ndipo nilipowatazama kwa hadubini wale niliowapika. Mzizi ulio hai huvuja sukari na vitu vingine vidogo vidogo udongoni, na bakteria hufuata utamu huo. Wengi wao huusaidia mmea kupata chakula. Hawana macho, hawana pua, wala njia hawaijui. Bakteria huogelea kwa vijimkia vyake huku akionja: hapa nilipo na pale nilipotoka, wapi kumezidi? Utamu ukiongezeka, anakaza mwendo. Ukipungua, anabingirika, anaelekea kokote, anaonja tena. Hivyo hivyo, kwa kukosea na kugeuka, anaufikia mzizi. Niliinuka kitini nikaenda kunawa uso, maana ni kama nilimsikia shangazi tena: mbona hukuacha? Mdudu asiye na hata ubongo alijua kuacha, mimi sikujua.

Sasa mwanangu, juzi ulinikuta jikoni ukaniambia kazi uliyoichagua inakukausha, hulali, huli, lakini unaona aibu kuiacha kwa kuwa uliwatangazia watu. Wazee walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Sikuambii uache leo. Nakuambia uonje. Ulinganishe moyo wako wa leo na wa mwaka jana, bila kujidanganya kwamba ni joto. Ukiona kuna nafuu, kaza mwendo hata kama hujaona mwisho. Ukiona panazidi kuharibika, geuka mapema, hata kama hujui unakoelekea, na useme Ijumaa, usingoje siku ya sita. Watakaokucheka watachoka. Sisi tunaokupenda tupo, njoo tu.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema nimekosea, na akujaalie watu watakaokuchomeka ua nyweleni siku hiyo hiyo. Amina.